Tumbaku ya Kesho

Mnarani, 6 Machi

Mama, naomba baraka yako. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila nguo hazikauki.

Unauliza huku nafanya nini. Miti inatoa pumzi, mama. Pumzi hiyo inageuka chembe ndogo mno, nami nazinasa kwa sahani huku mnarani, katikati ya msitu. Hewa ikiwa kavu chembe huwa ngumu, zinagonga sahani na kuruka kama bisi. Hewa ikilowa, zinalainika na kunata. Ndiyo kazi, usicheke.

Sasa mvua imeshika. Jana nilishusha sahani ikanukia ubani, na ile tumbaku aliyoichanganya kaka Gildo na mbegu tamu za mti wa kumaru. Nani mwingine anavuta uchafu ule? Mwaka mzima tangu apotelee msituni, na harufu yake imenata mkononi mwangu. Naogopa.

Mwanao, Edilene

Nyumbani, 15 Machi

Mungu akubariki, mwanangu. Kifua ni kilekile, kinakoroma tu.

Kumbe yuko upande wa mnara! Mimi namtafuta mtoni. Upepo ulitoka wapi siku ile? Niambie vizuri. Na ukisikia mluzi jioni, funga mdomo, tafadhali. Wewe tangu utoto hujui kunyamaza.

Kiko changu kitupu. Niwekee tumbaku kidogo.

Mama yako

Mnarani, 2 Aprili

Mama, naomba baraka. Sijui nianzie wapi.

Jana jioni mluzi ulilia juu ya mnara, mrefu, wala ndege haonekani. Wenzangu walijificha. Mimi na mdomo wangu nikapaza sauti kama bibi alivyotufundisha: "Matinta, njoo kesho uchukue tumbaku!" Si unajua, yule ajuza anayegeuka ndege usiku; ukimwita hivyo, asubuhi yake wa kwanza kuomba tumbaku ndiye yeye. Tukacheka.

Asubuhi hakuja mtu. Ilikuja mashua, na barua yako inayoomba tumbaku.

Mama, ni wewe?

Mwanao

Nyumbani, 20 Mei

Mungu akubariki, mwanangu. Ni mimi.

Usilie. Mama gani angekaa jikoni? Miguu ilishindwa, nikatafuta mabawa. Hewa ikilowa naifuata harufu ya kaka yako, na juzi nilisikia hadi kikohozi chake. Yu hai au la, sijui, lakini ananisubiri. Sasa kifua kimenizidi, na mvua zinaondoka. Hewa ikikauka harufu itaruka, umesema mwenyewe.

Siwezi kufa na mabawa haya. Lazima niulize, na mtu ayakubali kwa mdomo wake. Jirani Osvaldina nimemfungia mlango, mdaku yule asije akajibu. Nakuuliza wewe tu: nani anataka?

Mama yako

Mnarani, 8 Juni

Mama, naomba baraka yako, haraka.

Leo chembe zinaruka, hazinati. Nimenusa sahani zote. Kaka yumo kwenye ya mwisho tu, kidogo sana. Mashua ingechelewa, kwa hiyo nilipanda juu kabisa nikakujibu kwa sauti: nataka.

Nimeshuka kuandika haya. Wenzangu wanaulizana nani alipiga mluzi kule juu.

Niwekee tumbaku kidogo, mama.

Mwanao