Protini Aliyoikosa Dina

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dina ameshindwa kukaa tena. Nimemweka mkekani, nikamzungushia mito, akaelemea upande kama gunia lisilojaa. Juzijuzi tu alikuwa anajivuta mpaka mlangoni kufukuza kuku! Sasa hata shingo inamlegea. Bado anacheka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mama mkwe amemwangalia, akasema mtoto akilegea hivi waulizwe ujombani. Hakunitaja jina. Hakuhitaji.

Alhamisi, 12 Juni

Singida mjini. Tumepanda Noah ya kwanza kutoka Nduguti, mume wangu Sostenes kampakata mwanawe njia nzima. Daktari Bansari hakutuzungusha. Majibu ya damu zetu yamerudi. Alivuta kiti akaja kukaa upande wetu wa meza — nikajua ni mabaya.

Ni mitokondria. Mimi, mwalimu wa baiolojia! Nimesimama darasani nikisema ndizo zinazoipa seli nguvu, wanafunzi wananakili, kengele inalia, basi. Kumbe kwenye utando wake wa ndani kuna protini ambayo kazi yake ni kusaidia kuunganisha vipande vya saitokromu, mtambo wa kuzalisha hiyo nguvu. Isipokuwepo, saitokromu haikamiliki, seli zinaishiwa nguvu. Ubongo ndio unaoumia kwanza. Dina hana hiyo protini. Daktari anasema hata bakteria wengine wanayo inayofanana nayo. Bakteria wanayo! Mwanangu hana.

Dawa ya kuponya hakuna. Akipata homa tusichelewe hospitali, na asikae na njaa.

Sostenes aliuliza swali moja tu: imetoka kwa nani? Daktari akasema kwenu wote wawili. Kila mmoja ana jeni moja nzima na moja mbovu, ndiyo maana nyinyi wazima. Dina kapata mbovu zote mbili. Sostenes akamhamishia Dina bega la pili.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, Sostenes na mama yake uani wanapepeta alizeti. Mama akamuuliza daktari kasemaje. Sostenes akajibu ni ugonjwa wa kurithi, umetoka kwa kina Yasinta.

Kwa kina Yasinta!

Nimewapakulia wote. Sijala.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Sostenes: utamwambia mama yako ukweli, la sivyo nitamwambia mimi. Akasema mama ana presha, ataumia bure. Nikamuuliza, mimi je, siumii? Akajibu kwa sauti ya chini — Yasinta, naogopa. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Hasira ikapungua. Si yote.

Jumanne, 17 Juni

Homa. Hamezi. Uji wote unarudi. Sostenes kaenda kutafuta gari.

Jumatano, 18 Juni

Wodini, Singida. Dina ana oksijeni puani. Homa imeshuka kidogo, kupumua bado.

Mama mkwe tumekuja naye, alikataa kubaki. Leo asubuhi Sostenes amesema, hapa hapa kando ya kitanda. Mama, nilikudanganya. Mimi pia ninayo hiyo jeni. Sisi wote wawili. Mama akasema hajaelewa. Sostenes akajaribu kueleza, maneno yakamkwama, akanitazama. Nikaeleza mimi. Taratibu, bila hasira, kama kwa kidato cha kwanza.

Mama alikuwa ameshika mguu wa Dina. Akaniuliza: inaanza shingo, halafu kumeza, halafu pumzi?

Nikashtuka. Nikasema ndiyo, mama.

Akasema, Festo alikwenda hivyo hivyo. Na Sara.

Sostenes akauliza, Festo gani? Hakuwa anajua! Ni kaka yake na dada yake. Walizaliwa kabla yake, wakafa kabla yake, na nyumba nzima ikafunga mdomo. Mama anasema wakwe zake walimwambia watoto kama wale wanatoka tumboni kwake. Mumewe, marehemu, alikuwa amekaa pale pale. Hakumtetea.

"Kwa hiyo na yeye alikuwa nayo?"

"Inaelekea, mama. Isingewezekana kwa mmoja peke yake."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia. Sostenes katoka nje, namwona dirishani, kaegemea ukuta.

Mama hakulia. Hakuniomba radhi pia, wala sikuitegemea. Amevuta kiti akaja upande wangu, bega kwa bega, tunaangalia kifua cha Dina. Kinapanda. Kinachelewa. Kinashuka.

Sasa hivi kaniuliza, mwalimu — hajawahi kuniita mwalimu — wale wangu wawili, waliumia?

Naendelea kuandika, kama sijamsikia. Ananingoja nimjibu.