Ramani Niliyomsomea Mama

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakuamkia, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote: nilimhakikishia Mama kwamba macho ya Meneja hayana ugonjwa wa kurithi, na leo nimegundua nilikosea.

Shikamoo. Naomba Mungu kikohozi kiwe kimekuachia ulale. Sisi kwa miili hatujambo. Mdogo wangu Meneja bado anatusimamia wote kama jina lake lilivyo. Juzi alimkaripia Baba kwa kuchelewa kuoga.

Ile tovuti ya jenomu, yaani ramani ya jeni zote za binadamu, uliyonielekeza nilipomaliza shule nimeizoea. Naandika namba ya kromosomu na namba ya mahali, ramani inafunguka, jeni zimechorwa kama mistari yenye mafundo. Mwanzoni nilivuta karibu mno, nikaona herufi tupu, nikadhani nimeiharibu.

Sasa, kule kliniki ya macho alikopimwa Meneja, daktari alipotoka kidogo Mama aliipiga picha kompyuta yake. Mwanga ulifuta karibu kila kitu, ikabaki namba ya kromosomu na ya mahali penye hitilafu, na maandishi madogo pembeni. Majibu yenyewe tutapewa Alhamisi. Mama akaniambia, “Si wewe ndiye msomi wa mambo hayo? Hebu nitazamie.”

Nikatazama. Palikuwa peupe, hakuna jeni. Nikasema, “Mama, hapo hapana kitu.” Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka huku anafuta machozi kwa kiganja. Tangu hapo anaimba akifua. Amemnunulia Meneja begi la shule, na mtoto akijikwaa ukumbini anamtania, “Inua miguu, bosi, huo ni usingizi.”

Leo nimelirudia somo la wanaoanza, lile ulilonisihi nisiliruke nikaliruka. Kumbe ramani ina matoleo, na namba ya toleo la zamani ukiiandika kwenye jipya inakupeleka pengine kabisa. Kwenye pembe ya ile picha toleo la zamani limetajwa. Sikujua maana yake. Nimebadilisha toleo, nikaandika namba ile ile. Imeangukia katikati ya jeni. Nimebonyeza jina lake nikasoma kazi yake: iko nyuma ya jicho, pale panapopokea mwanga.

Najua hitilafu ndani ya jeni si lazima iwe ugonjwa, na daktari ndiye atakayesema. Lakini Shangazi, jana Meneja alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba chetu, na taa ilikuwa inawaka.

Nisalimie mumeo na wale mapacha, uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akutunzie afya, na macho ya wote nyumbani mwako.

Nitamwambia Mama mimi mwenyewe kabla ya Alhamisi, asije akalisikia mbele ya watu. Bado sijapata mdomo wa kulitamka. Mpaka hapo, nakuomba, hata Baba usimwambie. Ukipiga simu ukamsikia Mama anacheka, cheka naye.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana.