Madai Tisa ya Kwanza

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua ngazini. Sisi tunaamka, tunakula, tunafanya kazi. Wifi yako anakusalimu. Siku hizi anakubali redio iwashwe.

Sasa nisikilize. Ofisi yenu ya hataza imenijibu ombi letu la haki ya uvumbuzi. Kurasa na kurasa za adabu, na katikati yake tusi moja: kwamba alichovumbua Nukta ni jambo dhahiri. Dhahiri! Kama vile mwanangu alijikwaa barabarani akaokota kokoto.

Wewe unajua alichofanya, alikueleza mwenyewe mezani kwetu kwa punje za maharage. Chipu za kutafuta mifuatano ya alama ndani ya data inayopita zimekuwapo tangu sisi vijana. Zote huchukua kila mfuatano zinaoujua na kuulinganisha kuanzia herufi ya kwanza, kama bawabu anayekagua watu kuanzia viatu. Nukta akauliza: kwa nini ya kwanza? Kwa nini tusianze na herufi iliyo adimu? Ukimtafuta mtu kwenye umati, na unajua ana shati jeupe na kovu shavuni, huanzi na shati. Basi akazipanga saketi zianze na kovu. Alizichora kitandani hospitali, mrija mkononi, huku akimwambia nesi asimzibie mwanga.

Mkaguzi wenu amechukua andiko la zamani la chipu, akachukua jingine la programu ya kutafuta maneno maktabani, lenye sentensi moja tu kuhusu herufi adimu, akayafungisha ndoa ya lazima, kisha akatangaza kwamba mtoto wao ndiye huyu wetu. Anasema "mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa fani" angeyaunganisha. Nionyesheni mtu huyo! Nimezeekea kwenye fani hii, nimekula na mafundi wa kila aina, walevi na wacha Mungu, sijamkuta. Maandiko hayo mawili yamekaa rafuni miaka kumi na tano, na hakuna aliyeyatambulisha.

Mkaguzi huyo yuko mlango wa tatu kutoka kwako. Nenda ukamwambie. Nimemzika mtoto mara moja, sitamzika mara ya pili kwa mhuri wa serikali.

Kaka yako


14 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zimefika na nimezipokea zote, hata zile ulizozitupa kama mawe. Goti linapanda ngazi. Linalalamika kama wewe, lakini linapanda.

Sitakwenda. Siku ombi lako lilipoingia hapa nilitoa taarifa kwamba wewe ni ndugu yangu, na tangu hapo nikipita mlango ule nageuza uso. Nikimnong'oneza mkaguzi neno moja, hataza yoyote mtakayopata itaweza kuvunjwa na yeyote atakayegundua. Utakuwa umempa Nukta nyumba ya karatasi.

Ninachoweza kukuambia ni kile ningemwambia mtu yeyote. Huyo mtu wa fani unayemtafuta hayupo. Tumemuumba sisi. Amesoma kila kilichochapishwa duniani, hasahau kitu, na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe hata siku moja. Nilipomsimulia Nukta habari zake alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Shangazi, huyo ni baba akiwa na homa."

Ugonjwa wa kazi yetu ni kutazama nyuma. Mkaguzi anaanza kwa kusoma jibu, ndipo anakwenda kutafuta swali. Sote tunaugua, na sheria inatutaka tujitibu. Mpige hapo. Omba kikao. Peleka ushahidi kwamba wengine walikuwa na shida hiyo hiyo na hawakuona njia. Na tafadhali, kaka, usimtukane. Ni kijana mzuri, ana mzigo wa mafaili unaomzidi kimo.

Mbusu wifi.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Heri ya siku nyingi. Hapa hatujambo, kikohozi kidogo tu cha mvua. Nimekwenda kikaoni, na nakuletea habari ambazo zitakukalisha kitini.

Chumba hakina dirisha, meza yake inacheza, mguu mmoja umewekewa karatasi iliyokunjwa. Serikali nzima na hamna fundi seremala! Mkaguzi wako ni mtoto mdogo kweli, miwani yake imeshikwa kwa gundi.

"Mzee, umefikaje na mvua yote hii?" akauliza.

"Kwa hasira," nikamjibu. Wakala wangu wa hataza akanifinya chini ya meza.

Nikamuuliza: kama jambo ni dhahiri, mbona miaka kumi na tano hakuna aliyelifanya? Akasema pengine hakuna aliyelihitaji. Nikamwambia walilihitaji sana, chipu zao zilikuwa zinachemka, walizifungia mafeni makubwa kama ya jikoni hotelini. Nikamwekea mezani ushahidi wote. Akausoma mbele yangu, bila haraka, akavua miwani.

"Mzee, ombi hili nimelisoma mara nne. Natakiwa nijifanye sijui njia, halafu nione kama ningeipata. Nimejaribu. Kila nikijaribu naipata."

"Kwa sababu umeshaonyeshwa!"

"Inawezekana," akasema. "Lakini siwezi kuandika 'inawezekana'. Hilo ndilo jibu langu kuhusu madai tisa ya kwanza, yale ya kuanza na herufi adimu."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Hapo akafunua ukurasa wa mwisho. "Ila dai la kumi mpaka la kumi na mbili, hizi safu za saketi zinazolala zisipotumika ili chipu isipate joto, haya sijayaona popote. Ondoeni yale tisa, hataza nawapa."

Unasikia? Nimempigia mkuu wa kile kiwanda kinachoitaka chipu yetu palepale ngazini. Anasema hataza ikitoka tu, anaanza kutengeneza, na wazo la Nukta litakuwamo ndani ya kila chipu hata kama halijadaiwa. Itatengenezwa, mdogo wangu! Wifi yako jana aliimba jikoni, nusu ubeti, akajishtukia akanyamaza. Nilijifanya sikusikia.

Nasaini kuyaondoa yale tisa mwisho wa mwezi.

Kaka yako


26 Aprili

Kaka,

Nimefurahi kusikia kikohozi ni kidogo. Barua hii ni fupi kwa kuwa nimeiandika mara nyingi na kuichana.

Safu zinazolala alizivumbua nani?

Najua jibu, wewe ndiwe uliyenieleza. Ulizifanya wewe, baada ya mazishi, ulipokuwa hulali. Kaka, jina la mvumbuzi linafuata madai, halifuati uchungu wala damu. Madai tisa ya kwanza ni ya Nukta. Yakitoka, anatoka nayo. Anayebaki kwenye hataza ni wewe peke yako. Wakala wako atakuletea karatasi ya kuliondoa jina lake, na sikutaka uikute kwanza kwake, mbele ya mtu baki.

Usifikirie kuliacha jina lake kwa kunyamaza. Hataza yenye mvumbuzi wa uongo huvunjwa na yeyote atakayeishtaki.

Pole, kaka. Pole sana.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Nimemuuliza wakala. Amesema ni kweli, akasogeza karatasi kwa kidole kimoja kama mtu anayemsogezea mwenzake sahani chafu. Kwa hiyo sheria yenu ni hii: mwenye wazo anatolewa nje, mwenye feni anabaki sebuleni. Na mnaita hiyo heshima kwa wavumbuzi! Mwizi wa kuku ana haya kuliko ninyi.

Ila nimeona njia. Ulikuwa naye hospitali jioni zote zile nilipokuwa karakana. Andika kiapo kwamba alikueleza habari za safu zinazolala, kwamba wazo lilikuwa lake na mimi nilimalizia tu. Nani atapinga? Mimi sitapinga. Yeye hatapinga. Sentensi mbili na saini, na jina lake linabaki. Katika maisha yetu sijawahi kukuomba kitu.

Nasubiri.

Kaka yako


9 Mei

Kaka yangu,

Natumaini unakula.

Sitaapa. Kazi yangu naipenda, lakini si kwa ajili ya kazi. Ni kwa sababu nilikuwa pale, na najua alichosema. Nilimuuliza kuhusu joto, nikamwambia, "Mwanangu, hii chipu yako itaungua." Akasema, "Najua, shangazi. Hilo la joto nimemwachia baba. Atahitaji kitu cha kufanya."

Angeweza kulijaribu mwenyewe, alikuwa na wiki kadhaa. Aliliacha wazi kwa makusudi. Sasa unataka niape kwamba hakukuachia kitu?

Mdogo wako


30 Agosti

Kaka,

Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu, na simu hupokei. Wifi ananiambia u mzima na huna mazungumzo. Shemeji yako anauliza habari zako kila jioni, nami namjibu kwamba una kazi nyingi. Sijui tarehe yako ya kujibu ofisi ilikwendaje, na siruhusiwi kuangalia. Hata kama ungenitukana ningefurahi kuona mwandiko wako.

Mdogo wako


11 Novemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na namsalimu shemeji. Nilikuwa na aibu na hasira kwa pamoja, na hivyo viwili vilinikalia mkononi, kalamu haikushikika.

Tarehe ilipita mwezi wa saba. Niliiacha ipite. Nilikaa karakana mchana kutwa na ile karatasi ya kuondoa jina mbele yangu. Nikaishika kalamu, nikaiweka, na ofisi zilipofungwa nikafagia sakafu nikaenda nyumbani. Wakala alitaja rufaa. Miaka, alisema, na kiwanda hakitasubiri. Nikamshukuru. Sikuwa na ngumi nyingine ya kurusha. Mimi, mdogo wangu, niliyewahi kugombana na kiziwi!

Kiwanda kimekwenda kwa watu wengine, na chipu haitatengenezwa. Siku hizi natengeneza mizani za maduka. Ni kazi safi.

Nilidhani wifi yako angenishukuru. Nilimwambia nimekataa kulifuta jina la mtoto. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Wewe umepigania jina," akasema. "Mwanangu alitaka kitu kiwake."

Nikamwambia kitu bila jina lake kingekuwa cha kila mtu.

"Ndivyo alivyotaka," akasema.

Tangu siku hiyo tunazungumza habari za chumvi na maji. Hanigombezi. Angenigombeza ningejua pa kusimama. Nimeshinda mabishano mengi maishani, wewe ni shahidi, na mengi nilishinda kwa sauti tu. Hili sijui hata kama nilikuwa upande gani.

Ile habari ya joto uliyoniandikia, naisoma. Sijaweza kumwonyesha mama yake.

Kaka yako


17 Juni, miaka mitatu baadaye

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini macho yameanza kuona vizuri baada ya matibabu, na kwamba hii unaisoma mwenyewe. Goti langu limestaafu kabla yangu, napanda kwa lifti.

Nakuandikia jambo lililokwisha kuwa wazi kwa umma, kwa hiyo sivunji kitu. Ombi lenu lilikufa, lakini lilikuwa limechapishwa, na kilichochapishwa kwetu hakifi. Kinakaa pamoja na maandiko mengine kikingoja mtu atafute. Mwaka huu nililetewa ombi la kampuni kubwa, lenye mawakili wengi kuliko kurasa. Chipu ya kutafuta mifuatano, inayoanza na herufi adimu. Nilifanya utafutaji kama ninavyofanya kila siku, na la kwanza kutokea lilikuwa lenu.

Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia wenye ombi hili la zamani ni ndugu zangu, lihamishe faili. Akaliomba andiko, akalisoma mpaka mwisho, akaniangalia. "Yeyote nitakayempa atatumia hili hili," akasema. "Andika wewe, mimi nitasaini pamoja nawe."

Nikaandika. Sikuhitaji kuoanisha maandiko mawili, moja lilitosha. Wala sikuwaambia kwamba jambo lao ni dhahiri. Niliwaambia kwamba si jipya. Kwamba limekwisha kufundishwa, lote, kuanzia dai la kwanza mpaka la mwisho, na binti yako. Nikaweka jina lake kamili. Kwa utaratibu wetu anatajwa wa kwanza peke yake, wa pili huitwa "na mwenzake". Mwenzake ni wewe.

Wamejibu wiki iliyopita. Wanabishana naye, kaka. Kurasa ishirini: alichosema, ambacho hakusema, alichomaanisha katika mchoro wa tatu. Wanaliandika jina lake kila aya, watu wazima wasiowahi kumwona, na wanamwogopa.

Hataza haikutoka, na chipu yake haikuwaka. Siwezi kukuambia kwamba hili linalipa. Lakini msomee wifi, na msomee pia ile habari ya joto, imetosha kukaa mfukoni mwako. Akikataa kusikiliza, acha karatasi mezani uende ukatengeneze mizani zako.

Shangazi yake