Kete Inaliwa kwa Mkono wa Kulia

Jumatano, 2 Julai 2025

Baridi Mikumi leo! Nimevaa makoti mawili, na la juu ni la mke wangu, Mama Ashrafu. Shauri yao wanaocheka.

Kijiweni nimewachapa wote drafti. Wote! Evarist fundi baiskeli, kijana wa bodaboda, na dereva wa lori la Zambia aliyesimama kununua maji tu. Huyo dereva nikampa kete ya kwanza bure, akala. Ya pili, akala. Ya tatu anacheka kabisa, anaona mzee kachoka. Halafu nikaruka — moja, mbili, tatu, nne! Nikaingia kingi. Nikamwambia nenda salama, ukifika Zambia waambie umemwona Kondo. Kaondoka kasahau maji yake. Nimeyanywa mimi.

Ndiyo drafti yangu hiyo. Mimi natoa. Natoa mpaka mtu anashiba, akishiba nampiga. Kete zetu ni vizibo vya chupa, na wengine wanavilinda kama mayai. Kama Masunga. Msukuma yule, mchunga ng'ombe, hawezi kuona hata ndama mmoja anabaki porini. Tangu nimjue hajatoa kete kwa hiari yake hata siku moja. Analinda, analinda, mpaka mimi napata usingizi, ndipo ananifunga.

Nayaandika humu maana Mama Ashrafu kaniachia jikoni peke yangu. Kasema hadithi ya dereva kaisikia mara tatu toka mchana na kila mara lori linaongezeka matairi.

Ushindi wenyewe haukuwa mtamu. Upande wa pili wa benchi hakuna Masunga. Toka apigwe kiharusi hajaja.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya msikitini nimekwenda kwake, kule mwisho wa mji, njia ya Kilosa. Nimekuta wageni wamekaa kama msibani. Wananong'ona! Masunga kwenye kiti, blanketi magotini, mdomo umeenda upande. Mkono wa kulia kauficha ndani ya blanketi.

Sisi watu wa huku na Wasukuma ni watani, toka mababu zao wanapita huku na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani hanong'oni kwa mgonjwa. Nikaingia kwa sauti: Wee Masunga! Umesikia Kondo kapata ubao mpya ndiyo umejifanya mgonjwa? Mama mmoja kashika mdomo. Nikaendelea: na ukifa, mimi ndiye nitakayelala kaburini mwako kwanza, na sitoki mpaka wanao wanipe beberu, haki yangu ya mtani. Mweusi! Mwenye ndevu!

Jicho lake la kushoto likacheka. Jicho tu. Wengine hawakuliona, mimi nimeliona.

Binti yake Marciana kanisindikiza. Kanambia hali ni mbaya kuliko inavyoonekana. Hospitali walisema mkono ule utarudi akiutumia, kidogo kidogo, kila siku. Hataki hata kuuangalia. Akilishwa anafunga mdomo — kulishwa na binti yake, mzee mwenye mji wake, anaona aibu. Sasa Seni, kaka yake Marciana, anakuja na gari Jumamosi ya wiki ijayo ampeleke kwao Maswa, Usukumani, akakae huko moja kwa moja.

Nikamuuliza, baba yako kasemaje?

Kasema: "Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kaka anasema kunyamaza ni kukubali. Mimi, Baba Ashrafu, naona baba anaondoka huku amekaa hapa hapa."

Maswa! Huko nani atamtania?

Jumapili, 6 Julai

Nimebeba ubao mpaka kwake. Nimepanga vizibo. Vyake vya bia, vyangu vya soda, mimi Mwislamu bwana. Nikasukuma cha kwanza. Masunga kageuza uso, anaangalia mbuzi.

Nikacheza pande zote mbili peke yangu. Nikafungwa. Sioni aibu, aliyenifunga ni bingwa.

Masunga hakucheka. Hata jicho.

Jumatatu, 7 Julai

Leo! Leo nimefanya jambo ambalo daktari hajui!

Nimefikiria njiani. Drafti ina sheria moja haina huruma: ukiwekewa kete ya kula, lazima ule. Utake usitake. Sasa mtu ambaye hataki kucheza — je, akiwekewa?

Nikampangia, nikamsogezea kete zake mwenyewe hatua mbili tatu, halafu nikasukuma changu mbele ya chake. Wazi kabisa. Nikamwambia, Masunga, kula. Kageukia mbuzi. Nikasema, kula, mtani, ni sheria.

Kaangalia ubao. Mchezaji ni mchezaji. Nikaona mkono wa kushoto unakuja polepole — nikaupiga kofi! Marciana kapiga kelele. Nikasema: hapana, kijiweni kwetu kete inaliwa kwa mkono wa kulia, kama ugali. Unakula ugali kwa kushoto wewe?

Hiyo sheria haikuwepo. Nimeitunga pale pale. Lakini niliisema kwa uso wa sheria ya toka enzi za Mjerumani.

Tukakaa. Chai ikapoa. Kuku kapita juu ya ubao karibu aharibu kila kitu. Halafu blanketi likatikisika. Mkono ukatoka kama kobe anachungulia. Unatetemeka. Umefika kwenye kizibo, umekikosa, umerudi, umekisukuma. Hakukiinua, kakiburuza juu ya changu. Vingine viwili vimeanguka chini. Lakini kala!

Nikamwambia: ng'ombe wako walipokula mahindi yangu mbona hawakubembelezwa hivi?

Maana ndivyo tulivyojuana. Ng'ombe zake zilimaliza shamba langu, nikaenda kwake na panga nimalize naye. Nikamkuta anacheza drafti na mdogo wake. Anacheza vibaya! Nikashindwa kuvumilia, nikakaa nimwonyeshe. Panga nimelisahau kwake mpaka leo analikatia majani.

Jicho likacheka. Na mdomo kidogo, ule upande mzima.

Jumanne, 8 Julai

Kala kete tisa leo. Za kuinua ni nne, nyingine kaburuza. Natoa tu, sihesabu. Nimefungwa mara mbili.

Habari zimefika kijiweni. Evarist kanipokea: "Mzee Kondo! Tunasikia umegeuka ghala la msaada!" Nikamwambia nyamaza wewe Digidigi. Kijiweni kwetu mtu akisimama kete ikiwa wazi ubaoni, haijaliwa, huyo kakimbia, na anaitwa Digidigi mpaka afe. Evarist alisimama siku moja eti kamwona tembo. Tembo alikuwepo kweli, nyuma ya duka, nimemwona mimi na sikusimama! Mkewe naye sasa anamwita Digidigi.

Jumatano, 9 Julai

Vibaya.

Nilitoa kete ya tatu mfululizo, ya kijinga, haina mbele wala nyuma. Masunga hakula. Kaniangalia. Kafunga ngumi — ile ya kulia. Kasema kwa shida, neno kwa neno, mate yanamtoka: "Usi. Ni. Hurumie."

Kausukuma ubao wote chini.

Vizibo vimetawanyika, Marciana anaokota. Nimeokota vya chini ya kiti, nikamkabidhi. Nimerudi nyumbani.

Mama Ashrafu kanipa chakula, nikamweleza. Baadaye kasema: "Ungekuwa wewe ungekubali mtu akuachie?" Nikasema mimi sijawahi kuachiwa. Kasema: "Nimekuachia mimi miaka yote."

Mwanamke huyu!

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda mapema. Nikamkalia mbele, nikamwambia: Masunga, jana nilikucheza kama mgonjwa. Leo nakucheza kama mwizi wa mahindi yangu. Jiandae.

Na nimemcheza! Kete ya kwanza nikatoa, ya maana. Kaitazama pande zote kama anakagua ng'ombe mnadani. Kala, kwa kulia, kaiinua juu. Nikatoa ya pili pembeni. Kajua kuna kitu, nimeona kajua, lakini afanye nini, sheria ni sheria. Kala. Nikaruka tatu zake kwa mpigo, nikatua kwenye mstari wa mwisho. Kingi! Nikasimama nikazunguka kiti chake nikiimba. Marciana kanitolea macho, anaona nimemuua baba yake.

Masunga kagonga ubao kwa kidole. Kasema: "Tena."

Tena! Nikamfunga tena. Mara ya tatu kalinda, kalinda, kama zamani, ule ulinzi wake wa zizi, hapitiki. Jua likawa kali, mimi nikasinzia, kanifunga. Wallahi kanifunga. Jasho lilikuwa linamtoka na mkono ule hataki tena kuufunika.

Jioni Marciana kapiga simu. Baba kaomba sahani yake mwenyewe. Kamwaga nusu, nusu imeingia. Halafu kaongeza, Seni kasema ratiba haibadiliki, gari kashaliazima, nguo za mzee ziwe tayari.

Nikamuuliza, umemwambia kuhusu mkono? Kasema: "Nimemwambia. Kasema ni vizuri, ataendelea kupona huko."

Si mtoto mbaya. Anampenda baba yake. Ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 11 Julai

Sikwenda kijiweni. Nilikwenda kwa Masunga, hatukucheza sana. Kanionyesha panga langu ukutani. Nikasema baki nalo. Nikamuuliza, unataka kwenda? Kaangalia mbuzi.

Akiulizwa na mimi hasemi. Mimi si mwanawe.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika hapa hapa kwa Masunga, daftari gotini. Wanadhani napiga hesabu za kete. Waache wadhani.

Seni kafika saa tatu, Noah nyeupe, vumbi mpaka kwenye kioo. Kijana mzuri, mrefu kama baba yake. Shikamoo mzee. Marahaba. Kanishukuru kwa kumtazama baba. Karibu anipe mkono wa kwaheri nikajifanya napanga vizibo.

Mabegi yameshaingia. Mto wa Masunga umewekwa kiti cha mbele. Majirani wameaga. Masunga kanyoosha kidole, cha kulia, kwenye ubao. Kasema: "Moja."

Seni kasema sawa baba, moja tu, barabara ndefu.

Nikacheza mchezo wangu. Sikumhurumia, naapa. Nimetoa kete mapema, kala. Nimetoa nyingine katikati, kala, kaiweka pajani kwake vizuri. Nikafungua njia mbili kwa mkupuo, naifuata kingi, na ulinzi wake umeanza kupasuka upande wa kushoto. Namaliza! Nikaanza kuimba polepole.

Seni kaingia kwenye gari, kawasha. Kasema, baba, tumalizie twende.

Masunga kakaa. Halafu mkono wake wa kulia ukaja ubaoni, polepole, hautetemeki sana. Kakamata kizibo chake cha bia kimoja, cha kati, kile anachokilinda kuliko vyote. Kakisukuma mbele ya changu. Wazi. Hakuna anayekilinda.

Nikadhani kakosea mkono. Nikamwangalia. Jicho linacheka mpaka linatoa machozi.

Masunga katoa kete!

Nimeangalia ubao vizuri. Nikila, natua pabaya. Yeye anakula tatu zangu na kuingia kingi, na mimi nimekwisha. Kaipata wapi hiyo? Hiyo ni yangu! Hiyo ni ya Kondo, ile ya dereva wa lori! Kaniangalia miaka yote hiyo na mimi nikidhani anasinzia.

Na lazima nile. Sheria.

Lakini sheria haisemi nile lini.

Maana ni hivi: kete iko wazi. Akisimama yeye sasa hivi, Digidigi. Nikisimama mimi, Digidigi. Anajua. Kaitoa makusudi gari likiwa linanguruma. Kwa mwanawe hakuweza kusema hataki kwenda, kaniambia mimi kwa kizibo.

Seni kachungulia dirishani: "Mzee wangu, si ule tu hiyo?"

Nikamwambia: kijana, kete hii ya baba yako inataka kufikiriwa.

Mimi! Nisiyewahi kufikiri hata siku moja! Marciana kageuka nyuma upesi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Halafu kaleta chai. Vikombe vinne. Na kimoja kampelekea kaka yake garini, kasema itapoa, shuka unywe.

Seni kashuka na kikombe. Kachuchumaa karibu na ubao, kauangalia muda mrefu. Kumbe anajua drafti, nani alimfundisha kama si huyu. Kaona ile kete. Kaona zangu tatu. Kamuuliza baba yake kitu kwa Kisukuma, taratibu sana, kama anaongea na mtu aliyeamka sasa hivi. Masunga kachukua kikombe chake kwa mkono wa kulia, kajaribu, kamwagia blanketi, kanywa. Halafu kaonyesha ubao kwa kidevu.

Seni kaenda kuzima gari. Mabegi bado yamo ndani.

Sasa kakaa kwenye ndoo, mikono mashavuni, ananiangalia. Wote wananiangalia. Masunga vilevile. Jua limefika kwenye miguu yake na Marciana anataka kumsogezea kiti kivulini, yeye anakataa, asije akaonekana kasimama.

Zamu yangu. Kete iko wazi.

Bado nafikiri.