Tableti ya Salimu na mzee aliyeitikia mwano

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Upepo wa kiangazi unaleta vumbi hadi ndani ya kibodi hii ya dukani, na sina hamu ya kuifuta. Nina hasira na mji mzima wa Bariadi, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Wanaonisoma humu mtandaoni wanajua nimekuwa na swali moja wiki nzima: ile tableti mpya iliyoingia dukani kwa Salimu, ninunue au niache? Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa kopi. Nikifunga duka, kompyuta inabaki hapa na mawazo yangu yanabaki nayo. Nilitaka kitu cha kuandikia nyumbani, cha kubeba hata nikienda kwa mama kule Migato. Nilishaipenda. Kilichonitia wasiwasi ni kioo, nilihisi hakitasomeka juani, na pia chaji, maana umeme wetu mnaujua.

Jana mchana nikaenda kumaliza ubishi. Salimu alikuwa chumba cha nyuma akinitafutia kava. Nikaichukua tableti pale kaunta, nikatoka nayo hadi nyuma ya ukuta penye jua kali. Sikumwambia. Tumezoeana, nikaona hakuna haja.

Kioo kilisomeka vizuri tu. Nikawa nafungua hiki, nafungua kile, muda ukanipotea.

Ndipo nikasikia yowe la mwizi, na filimbi juu yake.

Mimi ni Msukuma wa kijijini. Kwetu yowe hilo tunaliita mwano. Likipigwa, mwanaume anaacha alichoshika na kukimbilia kwenye sauti. Ukibaki nyumbani unatozwa faini, na majirani wanaanza kukushuku wewe. Kwa hiyo nilikimbia kabla sijafikiri, tableti nimeisokomeza kwenye mkoba wangu wa begani.

Nilikuta wameshamwangusha mtu karibu na duka la dawa za mifugo. Watu wa bodaboda ndio waliomkata mtama. Alikuwa mtu mzima, amepasuka juu ya jicho, mdomo umejaa damu na vumbi. Mmoja alimpiga kwa ubao wenye msumari. Mwingine alimkanyaga vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, bila haraka. Mama muuza nyanya, mtu mpole ambaye ninamwamkia kila siku, alikuja na tofali.

Na mimi nikapiga teke. Moja, la mbavuni. Nilisikia kitu kikivunjika, na naandika ukweli: nilijisikia vizuri.

Kisha mtu akauliza, "Tableti ya Salimu kaitupa wapi?"

Tableti ya Salimu ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Ningesema hapo hapo. Neno moja lingetosha. Lakini niliwatazama wale watu, nikamwona mmoja anakuja akiviringisha tairi, nikaogopa. Nikarudi nyuma taratibu, nikaingia dukani kwa Salimu ambako hakukuwa na mtu, nikaisukuma tableti nyuma ya katoni za betri. Halafu nikamfuata Salimu kwenye umati, nikamwambia akaangalie tena vizuri kabla watu hawajaua.

Muda wote huo, hadi Salimu alipotoka ameinua tableti juu akipiga kelele kwamba imeonekana, yule mzee alikuwa anapigwa. Hata baada ya hapo mmoja alimwongeza mateke mawili, akasema hakosi kuwa na lake lingine. Wakatawanyika wakijipangusa suruali. Mama wa nyanya akarudi kwenye nyanya zake.

Leo asubuhi Salimu amenipigia simu. Anasema hataki kuiona tena ile tableti, niichukue kwa bei ninayotaka mwenyewe. Anajilaumu kwamba hakutazama vizuri kabla ya kupiga yowe. Nilimwacha ajilaumu.

Mchana nikaenda hospitali. Mke wa yule mzee alikuwa ameshafika kutoka Bukundi, amekaa sakafuni pembeni ya kitanda. Akaniambia mumewe anaitwa Ngusa na alikuja mjini kununua dawa ya ndama. Jicho moja limekwenda. Ubavu mmoja umevunjika na kuchoma pafu, na daktari hataki kuahidi kitu. Akanishukuru kwa kuja, akasema ni mimi tu mtu wa mjini niliyefika kumjulia hali.

Ubavu.

Mzee alikuwa macho. Nikamwamkia, "Mwadila, baba," akaitika kwa shida. Nikamuuliza kwa nini alikimbia. Swali la kipumbavu, kwa sababu na mimi nilikimbia kwa sababu hiyo hiyo. Mwano ulipigwa, watu wa mjini wakasimama kushangaa, yeye peke yake akatimua mbio kumfukuza mwizi kama wanavyofanya kwao. Mjini anayekimbia peke yake ndiye mwizi. Hilo bado hajalielewa. Anaamini waliompiga walikuwa kundi la mwizi, wakimzuia asimfikie mwenzao.

Akanishika kwa mkono wa kulia, ule wenye vidole vizima. Tulikuwa tunaongea Kisukuma, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwanangu, mwizi mlimkamata?"

"Bado, baba."

Akasema tusimwache. Mtu kama huyo atawaumiza wengine.

Nikatoka, nikaja hapa, nikawasha kompyuta. Tableti sinunui. Ni kitu kizuri, kioo kinasomeka juani, na sitaki hata kuigusa.

Watu huandika kwamba kesho nayo ni siku. Ni siku kwangu mimi, kwa mzee Ngusa hakuna aliyeahidi. Hospitali wanaruhusu kuona wagonjwa hadi saa kumi na mbili. Nikishaituma hii, Salimu ataisoma, na mji utaisoma, na wale wenye tairi wanajua duka langu lilipo. Hata hivyo nafunga sasa hivi na kurudi kule kitandani kwa mzee.

Njiani nitapanga maneno. Nadhani nitaanza hivi: Baba, mwizi amepatikana.