Siku Tuliyoosha Rejeta

Jumamosi, mwezi wa Julai, 1996. Umoja.

Leo kumeamka na ile baridi ya Julai inayompenya mtu mpaka mifupani. Manyunyu tangu alfajiri, nguo za jana bado mbichi kwenye kamba. Lakini mimi nina furaha, na nataka kuiandika kabla usingizi haujanichukua.

Tumetengeneza gari.

Mtu angenicheka. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba, ameketi kitandani anaandika habari za gari kuukuu. Basi acha nianzie mwanzo, nijielewe mwenyewe.

Wiki jana Wekesa, mume wangu, alikuwa ananipeleka kliniki. Tulipofika Jogoo Road tukakuta magari yamesimama, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikauona. Na yeye akauona. Baadaye kidogo mvuke ukafoka chini ya boneti, tukasukumwa na wapita njia mpaka kando ya barabara. Kliniki sikufika siku hiyo.

Kwa majirani si jambo geni. Gari letu wanaliita Birika, kwa vile linachemka. Watoto wa ploti, nyumba zote za kupanga za ua wetu, huimba jina hilo likiingia getini.

Mimi kilichoniumiza ni uso wa Wekesa pale kando ya barabara. Nilikuwa nimeuona uso huo mara moja tu. Mwaka juzi, mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, tulikuwa tunakimbilia hospitali na gari hilihili likachemka njiani. Daktari alituambia wazi kwamba hata tungefika mapema, mtoto asingepona. Mimi nilimwamini. Wekesa alitikisa kichwa tu, akatoka nje. Tangu siku hiyo hatukuwahi kulizungumza. Tulilala kitanda kimoja na jambo hilo katikati yetu.

Fundi wa gereji ya hapo kona alikuwa na jawabu lake. "Brathe, hiyo themostati toa utupe. Hii ni Nairobi, si Ulaya. Ama uza hii kitu ukiwa bado unaweza kupata mtu wa kununua."

Wekesa akaja nyumbani akasema atauza.

"Halafu uchungu ukinishika utanibeba mgongoni?" nilimuuliza.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, nilimwona dirishani ameinama mbele ya gari. Alikuwa ameliacha lingurume mpaka likapata moto, sasa anapapasa mipira ya maji. Kazi yake ni mabomba ya mvuke katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Kutwa nzima anazibua mabomba ya watu wengine, ila boneti ya gari lake mwenyewe alikuwa hataki hata kuifungua tangu mwaka juzi. Akaingia ndani akifuta mikono.

"Injini inaungua na rejeta iko baridi," akasema. "Maji hayazunguki, Shiku. Kuna mahali pameziba."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyosikia kwake juma lile.

Jana jioni akarudi na themostati mpya kutoka Grogan, kwa wauza vipuri, imefungwa kwa kipande cha gazeti. Nilidhani ni chombo kikubwa. Kumbe ni kitu cha kukaa kiganjani, duara la shaba lenye springi, kama kifuniko cha chupa kilichosoma. Kazi yake, Wekesa alinieleza, ni kufunga njia ya maji injini ikiwa baridi na kuifungua ikishapata moto. Ya kwetu ilikuwa imefunga na kugoma.

Leo asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na kupoa kabisa, akatandika gunia chini, akafungua koki ya rejeta. Yaliyotoka sikuyaita maji. Yalikuwa kama chai iliyosahauliwa jikoni wiki nzima, rangi ya kutu, na vipande vidogo vinaelea. Akayakinga kwa karai ili watoto wasiyachezee.

Kisha bolti za kile kifuniko kinachokalia themostati. Moja ilifunguka. Ya pili ikakataa. Wekesa akaegemea spana mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, kisha akaacha ghafla.

"Ikikatikia ndani tumekwisha," akasema.

Akaimwagia mafuta ya taa, akaigongagonga kwa nyundo kidogo kidogo, akasema inabidi tungoje yapenye. Nikaleta chai. Tukakaa kwenye ngazi ya nyumba, begi la nguo za kazi limetukinga na unyevu wa simenti, tukaiangalia ile bolti kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani.

Hapo ndipo aliposema. Hakuniangalia, alikuwa anasema na kikombe.

"Kila likichemka namwona yule mtoto."

Nilitaka kumkumbusha maneno ya daktari. Yalinifika mdomoni. Nikayameza, kwa sababu hakuwa ameniuliza habari za daktari.

"Na mimi namwona," nikamwambia. "Mimi namwona hata likiwa limezimwa."

Akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya taa. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Sijui kama alilia, manyunyu yalikuwa yametulowesha sote wawili usoni, na sikutaka kuchunguza.

Bolti ilipojaribiwa tena ilipiga kelele, ikazunguka.

Themostati ya zamani ilitoka imeota kutu pande zote. Nikasema tuijaribu jikoni, na hii mpya vilevile, maana siamini kitu cha Grogan kabla sijakiona kwa macho yangu. Tukaziweka zote mbili ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko. Tukainama juu yake, kichwa kwa kichwa, tumbo langu linagusa meza. Maji yalianza kutoa viputo. Ya zamani ikakaa kimya. Ile mpya, maji yalipokaribia kuchemka, ikaanza kujifungua taratibu, kilango kidogo cha shaba kikasukumwa na kuacha nafasi.

"Ona!" nikapiga kelele. "Wekesa, ona!"

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka jikoni kwangu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuosha njia zote za maji. Aliazima mpira wa kumwagilia sukuma wiki, akauunga kwenye mfereji wa uani, akasukuma maji kuanzia juu, kisha akageuza akayapitisha kinyume, kutoka chini kwenda juu. Kutu ikawa inamiminika uani kama udongo mwekundu wa Kiambu. Ikapungua, ikawa rangi ya chungwa. Tulikuwa tunaanza kuona maji ya kawaida, mfereji ukakohoa.

Ukakauka.

Kila anayeishi huku anajua maana yake. Maji yakikatika Jumamosi, hata Jumatatu usiyatazamie. Injini iko wazi, kutu nusu imetoka nusu imebaki, na mapipa yetu yana ya kupikia tu. Wekesa akaketi juu ya gunia. Nikaona ule uso ukianza kurudi.

Mama Atieno wa mlango wa pili alikuwa ametoka kuanua nguo. Huyu mama ndiye wa kwanza kuliita gari letu Birika, na mimi sikumzoea, nilidhani hatupendi. Akasimama akatuangalia, mkono kiunoni.

"Mnangoja mvua iwajazie?"

"Maji yamepotea, mama," Wekesa akamjibu.

"Na huyu msichana atajifungua lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Akaingia kwake. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka anaburuta mtungi uliojaa, akarudi, akaburuta mwingine. Maji yake ya kufulia, aliyoyakinga alfajiri sisi tumelala.

"Mama Atieno, hapana," nikamwambia. "Utafua na nini?"

"Nguo zangu hazina haraka. Za kwako ndizo zina haraka." Akanyoosha kidole tumboni kwangu. "Mwaga, kijana. Usiniangalie hivyo."

Tulimimina kwa jagi, polepole, yeye akishikilia faneli na kumwelekeza Wekesa kama aliyezaliwa gereji. Mtungi wa pili ulipofika nusu, maji yaliyotoka chini yalikuwa meupe. Mama Atieno akayakinga kiganjani, akayaangalia, akasema, "Haya. Hata mimi naweza kunywa." Hakunywa, lakini.

Wekesa akakwangua gasketi kuukuu, ile karatasi ngumu inayoziba maji yasivuje, akaweka mpya, akaikalisha themostati mahali pake, springi ikitazama injini. Akakaza bolti kwa adabu. Akajaza maji pamoja na ile dawa ya kijani inayozuia kutu. Kisha akawasha gari na kuacha mfuniko wa rejeta wazi ili hewa itoke. Viputo vikapanda, maji yakashuka, akaongeza. Tukangoja. Niliweka mkono juu ya mpira wa juu wa rejeta, ulikuwa baridi. Bado baridi. Halafu, chini ya kiganja changu, ukapata moto wote kwa mara moja.

"Imefunguka," nikasema.

Na mtoto akapiga teke. Sisemi ni ishara. Nasema alipiga teke, nami nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alasiri tukaenda kulijaribu. Wekesa alilipeleka makusudi Jogoo Road, kwenye msongamano wenyewe. Tukasimama nyuma ya lori, hakuna kwenda mbele wala kurudi. Mshale ukapanda mpaka katikati. Ukakaa hapo. Lori likasogea, tukasogea, mshale bado uko palepale. Wekesa alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akaupangusa kwenye suruali.

Nilidhani tutageuza kurudi. Yeye akanyoosha moja kwa moja.

"Tunaenda wapi?"

"Gikomba," akasema. "Tukamnunulie nguo."

Miezi minane, na nyumbani hakuna hata soksi moja. Tulikuwa tumeogopa, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Dada zangu waliuliza, nikawa nawaambia bado mapema.

Gikomba kulikuwa na matope. Mama wa mitumba alituinulia sweta la njano, dogo mno hata Wekesa akaliweka juu ya ngumi yake kulipima. "Ni ya kijana ama msichana?" mama akauliza. Tukajibu pamoja kwamba hatujui, na sote watatu tukacheka. Tulinunua lile sweta, kofia, na shuka laini yenye picha za bata. Njiani nilizipakata mapajani kama chakula cha moto.

Sasa Wekesa amelala, kucha zake bado zina kutu. Naogopa bado, nisijidanganye. Lakini kukicha nitaomba maji kwa yeyote aliye nayo, niziloweke nguo hizi, nizifue kwa mkono, kisha nizianike uani, kwenye kamba ya mbele, mahali ploti nzima itaziona.