Mkono wa Baba Kwenye Fomu ya Utafiti

Bweni la Wasichana, Chumba Na. 14,
Chuo Kikuu.
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote huko, wewe, mwenzako na wale mapacha. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba unashuka ngazi kinyumenyume, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unanitania. Mimi mwili haujambo. Vurugu iko kichwani, ndiyo maana leo umepata barua nzima badala ya ule ujumbe wangu wa mistari miwili.

Chuo kimetangaza fedha za utafiti kwa sisi wa shahada ya kwanza. Unaandika unachotaka kuchunguza, mhadhiri anakusimamia, na ukichaguliwa unagharamiwa likizo nzima ufanye kazi yako. Nikajiambia, na mimi nimo. Nikaamua kuchunguza mkono wa Baba.

Usicheke. Unajua kuliko mimi jinsi marehemu Babu alivyowafundisha nyinyi wawili pale kwenye tanuri: ingiza mkono mdomoni mwake, hesabu, na ukishindwa kuvumilia kwenye nane, moto umekaa sawa, ingiza mikate. Ukishindwa kwenye tano, subiri upoe. Nilitaka tu niweke kipimajoto karibu na mkono huo, nione nane ya Baba ni nyuzi ngapi.

Fomu ina kurasa saba na ilianza kunichanganya kwenye ule wa kwanza. Pale wanapotaka ueleze tatizo, niliandika kwamba kwetu hakuna tatizo lolote, mikate inatoka vizuri na wateja wanaridhika. Ningeandika nini? Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe ndiye uliyetufunza kutowapa watu wa nje habari za ndani. Nikamalizia kwamba mkono wa Baba haujawahi kukosea na utafiti wangu utathibitisha hivyo, kisha nikawashukuru wao na familia zao.

Mhadhiri wangu, ambaye tunamwita Mama Kalamu Nyekundu, hakuacha mstari hata mmoja bila kuukata. "Binti, ushajibu kila kitu," akaniambia. "Sasa hela tukupe za nini? Swali lako liko wapi?" Shangazi, mimi, ambaye ulinibandika mwenyewe jina la Bi Maswali kwa jinsi nilivyokuchosha, naambiwa sina swali! Nikamwambia mkono wa Baba haukosei. Akasema, "Hizo ni sifa. Kaniletee namba."

Basi nikaazima kipimajoto maabara na Ijumaa nikaenda nyumbani. Mara ya kwanza Baba alifika nane, kipimajoto kikasoma mia mbili thelathini. Mara ya pili nane tena, kikasoma mia mbili tisini. Nikasema kipimajoto kibovu. Nikakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasoma mia moja kamili. Sikuelewa. Baba akasema ni unga wa siku hizi, kana kwamba unga ndio uliokuwa unahesabu.

Nikatoka kwenda kwa Mama pale dirishani anapouzia. Alikuwa na kisu, anakwangua weusi chini ya mikate, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Aliponiona akakifunika kisu kwa kitambaa. 

Jumapili mchana ndipo nilipoona. Baba alikuwa anahesabu huku akinisimulia habari za fundi viatu wa jirani, aliyenunua pikipiki na hajui kuiendesha. Nane ikapita, akaendelea na hadithi. Nikasikia harufu ya vinyweleo vinavyoungua. Mkono ulikuwa bado ndani na mwenyewe hana habari. Shangazi, hili nakuambia wewe tu: niliandika namba kwanza, mia tatu na kumi, ndipo nikasema, "Baba, toa mkono."

Naona aibu mpaka sasa. Wakati kalamu inaandika, kuna sehemu yangu iliyofurahi kwamba nimepata swali. Sijui ni mtu gani anayefurahi hivyo. Nimejiuliza kama ndio usomi wenyewe, au ni mimi tu.

Mama alimfunga kitambaa cha maji. Nikamwomba Baba twende akapimwe, akasema ngozi imekomaa tu, na hospitali ni ya wagonjwa. Kisha akaikumbuka fomu. Kuna ukurasa wa ridhaa ambao lazima yeye autie sahihi, umeandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Akavaa miwani, akausoma mara mbili. "Nijitoe wapi?" akauliza. "Kwenye mkono wangu?" Akatia sahihi, akiigandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akasema, "Peleka, mwanangu. Upate chako. Ila usimpigie simu shangazi yako kumwambia."

Sijakupigia. Kuandika hakukutaja.

Nimerudi chuoni na namba ambazo Mama Kalamu Nyekundu alizishangilia. Anasema sasa nina swali zuri, na kwamba nikipata fedha nitarudia kipimo hicho mara ishirini. Nimeketi na hizo ishirini siku nzima. Nikiipeleka fomu, namwombea Baba yangu moto mara ishirini. Nisipoipeleka, kile alichotobolea karatasi kwa ajili yangu kinapotea. Kipimajoto nilimwachia Mama, akitundike mdomoni mwa tanuri na kumzuia Baba kwa vyovyote, na sasa fundi wa maabara ananitafuta kila korido. Ukiniuliza ninachokijua, sina.

Isipokuwa kimoja. Hakuna anayemwamuru Baba isipokuwa dada yake mkubwa. Nikisema mimi, ni mtoto. Akisema Mama, ni maneno ya nyumbani. Na wewe ukimpigia bila ushahidi atakuapia kwamba mkono ni mzima, na utamwamini, maana unampenda.

Kwa hiyo fungua hiyo karatasi iliyokunjwa nyuma ya barua hii. Si nakala, ni fomu yenyewe. Tazama ile sahihi, pitisha kidole pale ilipotoboka, kisha mpigie umwambie unayo mkononi na unamtaka hospitali. Mwisho wa kupokea fomu ni keshokutwa. Barua hii itakufikia wiki ijayo.

Nisalimie mwenzako, na mapacha uwaambie dada yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Mungu akuponye goti na akutunzie mikono yote miwili.

Mwanao akupendaye, hata leo asipojielewa,

Bi Maswali